Salamu Kwenye Jalala la Seva

Juzi nilipeleka simu yangu kwa kijana mwenye kibanda pale stendi ya Kasulu, kwa sababu ilikuwa imejaa meseji za watu nisiowajua: wa kunikopesha, wa kuniombea, wa kunipongeza kwa ushindi wa bahati nasibu ambayo sikucheza. Kijana akacheka. "Bi mkubwa, mbona simpo tu. Nazifungia zote, unakaa kwa amani." Akabonyeza hapa na pale, akanirudishia simu. Nikashukuru, nikaondoka, na kabla sijafika sokoni nikasimama. Zote zipi? Nikarudi mbio mbio kumuuliza amefungia nini hasa, na hizo zilizofungiwa zinakwenda kukaa wapi. Akanitazama kwa huruma. Hakujua, na hakuona kwa nini mtu yeyote atake kujua.

Haya ninayoandika ni ya kwake na ya wenzake wanaofanya kazi hizi za mawasiliano. Mimi ni mstaafu sasa, nina kiti changu barazani na muda wa kutosha wa kuwasumbua. Ila nawaonya mapema: mimi ni mwoga. Nilizaliwa mwoga, nikasoma nikiwa mwoga, nikaajiriwa nikiwa mwoga. Wenzangu kazini walikuwa na koleo na bisibisi, mimi nilikuwa na koleo, bisibisi na wasiwasi, na kati ya hivyo vitatu wasiwasi ndio ulionifanyia kazi zaidi. Ukitafuta shujaa humu hutampata.

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa msimamizi wa mawasiliano wa shirika moja la misaada hapa Kasulu. Jina lake nitaliacha lipumzike. Ulikuwa wakati wa makambi ya wakimbizi, malori ya unga yakipishana barabarani, na wageni wengi mjini kiasi kwamba hata bei ya kuku ilipanda. Nilianza kama mwita redio. Nilivaa visikilizio asubuhi, nikaita kituo kimoja baada ya kingine, kila kituo kikajibu. Kazi hiyo niliipenda kwa sababu moja: ukiita, mtu anajibu, unajua yupo.

Kisha ikaja barua pepe. Tukaletewa kompyuta moja ya kuwa seva, na nyingine kuukuu ya kukaa mbele yake kama mlinzi, ile wanayoiita ukuta wa moto. Simu ya setilaiti ilileta barua kutoka nje, ukuta ukazikagua, seva ikazipokea, na zile za Kibondo zikasukumwa kwa redio. Kibondo yenyewe hatukuifikia moja kwa moja. Milima ilikataa. Kwa hiyo tulikuwa na kituo kidogo cha kupokezea mawimbi juu ya kilima, upande huu wa mto, na Kibondo mjini ikawa ng'ambo. Kilimani pale palikuwa na mlingoti, ghala dogo, betri, mlinzi mmoja, na mtu wa mitambo mmoja.

Mtu huyo wa mitambo alikuwa mume wangu, Zakaria. Nitamwita Baba Neema, kama nilivyomwita siku zote. Alikaa kule wiki kadhaa ndipo arudi nyumbani kidogo, na mtoto wetu Neema alikuwa kwa bibi yake Rungwe Mpya. Ndiyo ndoa yetu ya miaka ile: mimi upande mmoja wa mawimbi, yeye upande mwingine.

Sasa njia ya redio ilikuwa ya polepole mno. Barua ya maneno matupu ilipita vizuri. Lakini mtu akituma picha moja ya mjukuu wake, njia iliziba kuanzia chai ya asubuhi mpaka watu wanarudi kutoka chakula cha mchana, na nyuma yake zimepanga foleni maombi ya dawa, idadi ya malori, kila kitu. Basi fikirieni barua taka zilipoanza kumiminika. Dunia ilikuwa imegundua kwamba kutuma barua kwa watu elfu ni bure. Tukaanza kupata za vidonge, za utajiri wa haraka, za laana kwa atakayekata mnyororo. Zote hizo, kwa uaminifu mkubwa, seva yangu ilizibeba na kuzisukuma kilimani, na kutoka kilimani mpaka Kibondo, kana kwamba ni habari za kufa na kupona.

Aliyenifundisha kuzizuia alikuwa Papa Aniseti, Mkongo, fundi wa simu wa zamani aliyevuka ziwa na sanduku lake la vifaa na shati moja. Mtu mnene, mpole, mwenye mazoea ya kuzungumza na mashine. Siku ya kwanza nilimuuliza: ukuta si upo, kwa nini takataka zinapita?

"Mama Neema," akasema, "ukuta iko muzuri. Lakini weye mwenyewe ulifungulaka mulango ya barua. Mubaya na muzuri banapita mulango ileile moya. Ukuta haijue kusoma. Hapana! Kusoma ni kazi ya chujio."

Hapo ndipo nilipoelewa, na nyinyi mwelewe. Ukuta unaangalia mlango gani umegongwa. Hauangalii mgongaji ana nini mfukoni. Ukishaacha mlango wa barua wazi, na lazima uuache wazi, kazi inayobaki ni ya ndani: kwenye seva, baada ya barua kupokelewa na kabla haijaingia kwenye foleni ya redio. Hapo ndipo tulipoliweka chujio letu. Halikuwa kitu cha kununua. Yalikuwa masharti tu tuliyoyaandika mstari kwa mstari: barua ikiwa hivi, ipite, ikiwa vile, iwekwe kando.

Jambo la kwanza kabisa tulilorekebisha, hata kabla ya masharti, lilikuwa aibu yenyewe. Seva yetu ilikuwa inakubali kumbebea mtu yeyote barua kwenda popote. Mtu aliyeko huko duniani alikuwa anatuma takataka zake kwa kupitia Kasulu, kwa gharama ya simu yetu ya setilaiti. Papa Aniseti alipoona hivyo alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Tukaufunga upenyo huo siku hiyohiyo, kisha nikashindwa kula kwa kufikiria ni watu wangapi walikuwa wakitulaani bila sisi kujua.

Masharti yetu ya mwanzo yalikuwa ya kijinga. Tulizuia neno la Kiingereza la fedha. Mhasibu wetu akakaa siku kadhaa bila barua hata moja, akawa anapita ofisini akipiga miluzi, anasema makao makuu sasa wamestaarabika. Tukazuia neno la dawa, na muuguzi mkuu akaja mlangoni kwangu amefunga mikono kifuani. Kila kosa lilinipa homa. Papa Aniseti yeye alicheka tu, akafuta mstari, akaandika mwingine.

Na kulikuwa na Bwana Hatibu, mkuu wa ofisi. Mtu wa Tanga, mwenye adabu za pwani na haraka za mjini, kichwa chake kikiwa kimeng'aa tangu ujana. Siku moja alinivuta pembeni. "Mama Neema, samahani. Kulikuwa na barua moja ya daktari fulani wa Marekani, kuhusu, eh, nywele. Imezuiwa?" Nikamwambia imezuiwa. "Vizuri, vizuri," akasema. "Lakini hamjaichoma, au sivyo?"

Hatukuwa tumeichoma, na hapa nataka mnisikilize. Kanuni pekee niliyoipigania tangu mwanzo ilikuwa hii: chujio lisitupe kitu. Liweke kando. Tukatenga sehemu kwenye diski ya seva, tukaiita jalala, na kila kilichokataliwa kilikwenda kulala humo. Papa Aniseti alinitania kwamba mimi ndiye mtu wa kwanza aliyemwona anayetunza taka. Sikujali. Mwoga hatupi kitu.

Sasa niwaeleze habari ya salamu, maana bila hiyo hamtaelewa kilichonipata.

Kwetu huku, kwa Waha na kwa sisi ambao wazazi wetu walivuka kutoka Burundi wakaja kulima Kagerankanda, salamu si jambo la kupitia. Watu wanasimama. Viganja vinapigwa taratibu, mmoja anauliza, mwingine anaitikia, unaulizwa wa nyumbani, watoto, ng'ombe, mvua. Mtu akikupita asubuhi bila kukusalimu, huwazi kwamba ana haraka. Unawaza kwamba kuna ugomvi au kuna msiba. Enzi za redio ya sauti salamu zilikuwa sehemu ya kazi: kila kituo kilisema "mwakeye", salamu yetu ya asubuhi, kabla ya neno lingine, na nchi nzima ya milima hii ikawa imeamka. Redio ilipogeuzwa ya kubeba barua, ofisi ikaamuru kuita kwa sauti kukome, ili njia ibaki wazi.

Basi Baba Neema akahamishia salamu kwenye barua pepe. Kila asubuhi, kabla hajanywa chai, alituma ujumbe mmoja kwa ofisi nzima: "Kilimani tupo. Mwakeye." Maneno hayohayo, kwa watu walewale, kila siku iendayo kwa Mungu, Jumapili ikiwemo.

Wengine waliipenda. Wageni hawakuipenda. Makao makuu nao wakalalamika kwamba kuna ujumbe usio na habari unaosambazwa kwa kila mtu. Ukaitwa mkutano. Wakati huohuo sisi tulikuwa tumegundua sharti zuri kuliko yote, lililokamata taka nyingi bila kuhitaji kukisia maneno: barua ambayo maneno yake ni yaleyale ya jana, na imeandikwa kwa watu wote kwa mkupuo, isipite. Mnaona wenyewe. Kwa chujio, hakukuwa na tofauti kati ya daktari wa nywele na mume wangu.

Nikasema mkutanoni tumwekee salamu njia yake ya kupita. Bwana Hatibu akatabasamu. "Mama Neema, tukifanya hivyo watasema umempendelea mzee wako. Kama kuna habari, ataandika habari. Kama hakuna habari, mambo ni shwari." Watu wakaafiki. Ni hoja nzuri, nakiri, na hata leo mtu akiitoa mbele yangu siwezi kuijibu haraka. Nilichokuwa nacho ni woga wangu tu.

Nikamwandikia Baba Neema kwamba salamu zake sasa zinaishia jalalani, asijisumbue. Akanijibu kwa mstari mmoja: "Nisalimie halafu wasinisikie, hilo ni lao. Nisiposalimia, hilo ni langu." Akaendelea.

Tangu hapo kazi yangu ya kwanza kila asubuhi ikawa kufungua jalala. Wenzangu walifungua barua zao, mimi nilifungua takataka. Nashuka chini, napita vidonge, napita utajiri wa haraka, mpaka naipata: "Kilimani tupo. Mwakeye." Ndipo naenda kuchemsha chai. Hakuna aliyejua isipokuwa Papa Aniseti. Alinikuta siku moja nimeinamia kioo, midomo ikitikisika, akasoma juu ya bega langu, akaenda zake bila kumwambia mtu. Baadaye diski ilipoanza kujaa na Bwana Hatibu akaagiza jalala lifutwe kabisa, taka ziwe zinamwagwa moja kwa moja, ni Papa Aniseti aliyemwendea. Alisema tubakishe kona ndogo, taka zikae siku chache ndipo zifutwe, kwa usalama wa mitambo. Alisema kwa uso wa ufundi hasa. Bwana Hatibu akakubali.

Kisha ukaja msimu wa mvua kubwa. Wale mliokulia huku mnajua radi zetu. Zinapiga mikaratusi, zinapiga ng'ombe, zinapiga shule. Kwenye kilima chenye mlingoti wa chuma, ukiona wingu limekuwa jeusi upande wa Burundi, unachomoa waya wa antena kwenye mtambo, unautupa nje, unakaa mbali. Usingoje. Baba Neema alilijua hilo kuliko mimi. Kasoro yake ilikuwa moja: hakupenda kukata njia kama foleni haijaisha. Akiona zimebaki barua mbili, alisema ngoja zimalizike.

Jumamosi moja jioni mvua ilinyesha mpaka mabati yakanguruma. Jumapili asubuhi nilikwenda kanisani, lakini sikumbuki somo. Tulipotoka sikwenda nyumbani, nilikwenda ofisini. Mlinzi akanifungulia bila kuuliza, alishanizoea. Nikawasha kioo, nikafungua jalala.

Vidonge vilikuwepo. Utajiri ulikuwepo. Salamu haikuwepo.

Nikapitia tena kutoka chini kwenda juu. Nikaangalia kwenye barua za kawaida, labda sharti limekosea na kuipitisha. Nikaangalia foleni. Nikakagua kama seva na redio zinasikilizana. Nikawasha redio ya sauti, iliyokatazwa, nikaita: "Kilimani, Kilimani, Kasulu." Mngurumo tu. Nikaita tena kwa jina lake, nikaita kwa jina la mtoto. Sioni haya kusema kwamba nililia pale, kwa hasira na kwa hofu, kisha nikajifuta uso na upindo wa kitenge nikaenda kumtafuta Bwana Hatibu.

Alikuwa kwake, kwenye baraza la nyumba, anakunywa kahawa na wenye maduka wawili wa mjini.

"Mama Neema, karibu kahawa. Kwema?"

"Si kwema, Bwana Hatibu. Salamu ya kilimani haikuja."

"Haikuja wapi?"

"Jalalani."

Akaweka kikombe chini polepole. "Subiri nielewe. Unataka kuniambia kwamba takataka hazikufika."

"Ndiyo."

Wale wenye maduka wakatazamana. Mmoja akajifanya anakohoa.

"Leo Jumapili," akasema Bwana Hatibu kwa upole. "Jana mvua. Betri labda zimelala. Tusubiri kesho, kazi ikianza, tuone kama ataandika."

"Betri zikilala huwa anawasha jenereta kwa ajili ya salamu tu, kisha anaizima. Nimemgombeza mara nyingi kwa kuchoma mafuta ya ofisi."

"Barabara ile unaijua. Gari haliendi bila askari wa kusindikiza. Nimwambie nini mkuu wa polisi Jumapili hii? Nimwambie kuna barua taka imepotea?"

Nikasema nililokuwa nalo. "Aliwahi kuugua malaria akashindwa kusimama. Siku hiyo pia aliandika. Siku baba yake alipozikwa aliandika kwanza, ndipo akapanda lori. Bwana Hatibu, yule mtu hawezi kunyamaza asubuhi. Kama amenyamaza, hajaweza."

Akakizungusha kikombe. Mimi nimesimama tu uani, viatu vina tope, nikifikiri kwamba akisema hapana nitakwenda kwa miguu, na kwamba nitakufa njiani, na kwamba Neema atabaki kwa bibi yake. Ndivyo kichwa changu kinavyokwenda. Mwishowe akainuka. "Nikikataa sitapata usingizi kwa sababu yako," akasema. "Mwiteni Yotamu atoe gari."

Yotamu dereva alikuwa mtu wa maneno mengi, lakini siku ile macho yake yalibaki barabarani. Tulikwenda mimi, yeye, askari mmoja na Papa Aniseti na sanduku lake. Tope lilikuwa la kufika ekseli. Tulipita Makere watu wakitoka ibadani wamebeba viatu mikononi. Papa Aniseti alijaribu kunichangamsha. "Labda ni waya tu, Mama. Waya ikikatika, tunaarranji, tunaitengeneza." Nikaitikia. Kila tulipokwama nilishuka kusukuma, ingawa nguvu zangu hazikuwa na msaada wowote, kwa sababu kukaa ndani ya gari lililosimama kulinishinda.

Chini ya kilima, kwenye njia panda ya kwenda mtoni, tulimkuta Mzee Stanslausi, mlinzi wa kituo, amesimama katikati ya barabara amelowa, mikono juu. Gari lilipomfikia hakutoka barabarani, aling'ang'ania boneti.

"Ego, ego! Ndiyo, mmekuja! Mungu asifiwe!" alikuwa anasema. "Imepiga mlingoti jana. Amepigwa Zakaria. Nimekwenda mtoni nivuke niite watu wa Kibondo, mto umejaa, daraja halionekani. Nimerudi. Nimekwenda tena. Nikasema huku Kasulu nako watajuaje? Nani atawaambia?"

"Yuko hai?" nikauliza.

"Usiku alikuwa hai. Nimemwacha anahema."

Tulipanda kilima. Mlingoti ulikuwa umepinda, mtambo wa redio umekuwa mweusi, chumba kizima kinanuka plastiki. Alikuwa ghalani, juu ya magunia, Mzee Stanslausi amemfunika blanketi na koti lake mwenyewe. Mikono yote miwili ilikuwa imefungwa vitambaa mpaka kwenye viwiko. Alikuwa ameushika waya wa antena. Alikuwa anauchomoa, hatimaye, foleni ilipoisha.

Hakugeuka tulipoingia. Nilidhani amekufa, nikasimama mlangoni. Kisha kivuli changu kikamwangukia usoni, akafumbua macho, akaniona. Masikio yalikuwa yamezibwa na radi, kwa hiyo akasema kwa sauti kubwa, kama mtu anayeita ng'ambo ya bonde:

"Mama Neema! Redio imekufa! Sikuweza kusema mwakeye!"

Ndilo neno lake la kwanza. Aliniomba radhi kwa salamu.

Akajaribu kuleta viganja pamoja, vile tunavyofanya, vitambaa vikakutana bila kutoa sauti, na uso ukamkunjamana kwa maumivu. Nikapiga magoti pale kwenye magunia, nikapiga viganja vyangu, taratibu, zamu yangu kisha zamu yake, nikasema mwakeye, nikaitikia mwenyewe. Askari aligeuka akatazama nje. Papa Aniseti alikuwa analia waziwazi na wala hakujificha.

Tulimfikisha Kabanga hospitalini. Daktari alisema vidonda vile visingesubiri Jumatatu. Sikio moja halikurudi, na vidole viwili vya mkono wa kulia mpaka leo havikunji.

Bwana Hatibu alikuja kumtazama, amebeba machungwa. Alikaa, akamenya moja, akampa. Alipotoka akaniambia, bila kunitazama sana, "Ile salamu, iwekeeni njia yake." Tukaiwekea, ya kilimani na ya kila kituo. Lakini mimi na Papa Aniseti tulifanya na jambo jingine, na hili ndilo nililotaka kumwambia yule kijana wa stendi nikashindwa kulipanga vizuri. Tuliandika sharti la kinyume. Chujio lote lilikuwa linauliza: kilichokuja ni nini, kipite au kisipite? Tukaliongezea swali la pili kila asubuhi: nani alitazamiwa na hajaja? Kituo kikipitiliza bila salamu, seva ilianza kulia, mlio mbaya wa kukera, mpaka mtu aamke kutoka kitini akatafute sababu. Mara nyingi sababu ilikuwa betri. Tulitukanwa sana kwa mlio ule. Sikuuzima hata siku moja.

Vijana, mnavyo vyombo vizuri kuliko vyetu. Fungieni takataka, sina ugomvi. Jueni tu zinakwenda wapi, na mara mojamoja muende kutazama, na mjue ni nani kwenu asiyenyamaza asubuhi.

Naandika haya barazani, Kasulu. Baba Neema yuko shambani Rungwe Mpya tangu juzi, maharage yamekomaa na haniamini kuyavuna. Jana jioni ilinyesha upande wa kule, niliona umeme. Simu iko hapa karibu na kikombe. Siku hizi salamu yake inachelewa kidogo, kwa sababu ya vile vidole, na mimi nasema moyoni ni vidole tu, ni vidole, anatafuta herufi. Chai imepoa. Nimeandika kurasa hizi zote ili nisiitazame simu.

Imelia.

"Kilimani tupo. Mwakeye."

Kule hakuna kilima, ni tambarare tupu, lakini nimeacha kumsahihisha. Nimeweka kalamu chini nikapiga viganja.